Tupeane uzoefu: waimbaji wa Tanga, yapi yamekukuta studio za mtaani na lebo ndogo?

Sauti ya Makorora: Jana nimepita Barabara ya 15 nikakuta ile studio yetu ya zamani imekuwa saluni, nikasimama pale nje nashangaa tu. Mle ndo nilirekodi wimbo wangu wa kwanza, trei za mayai ukutani, godoro mlangoni, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, jasho linadondokea karatasi ya mashairi. Mi naimba soul. Prodyuza akanambia dada soul haiendi hapa, tuongeze spidi iwe singeli. Nilivyokataa akaipitisha autotune mpaka yale mapindo niliyorithi kwa bibi yangu wa taarab yote yakanyooka. Nililia siku ile. Na nyie?

Mdau Usagara: Hilo la autotune limetukuta wengi. Pole dada.

Binti Chumbageni: Sikutaka kulisema ila umenigusa. Kuna prodyuza alinipa biti bure, akasema tutagawana hela nyimbo ikishika. Nimerekodi siku mbili, ya kwanza LUKU ikakata katikati ya kiitikio, ya pili nilikuwa navuta noti ya mwisho adhana ya magharibi ikaanza nyuma ya ukuta. Akasema usijali ntaifuta. Nikaondoka bila faili, bila karatasi. Miezi kama saba hivi baadaye nimepanda bajaji natoka Mkwakwani dereva kafungulia redio, nasikia sauti yangu. Yangu! Mtangazaji anataja jina la dada mwingine kabisa. Nikasema labda nafananisha, nikatega sikio mpaka mwisho, noti ikavutwa na chini yake kwa mbaaali adhana. Hakuifuta. Nikamwambia dereva nishushe. Nimemfuata akanijibu mbele za watu biti yangu, maiki yangu, umeme wangu, we ulileta nini? Mwaka mzima sijaimba hata harusini.

Kaka wa Raskazone: Subhanallah.

Mama Pangani: Mwanangu nimesoma mara mbili mwili umenisisimka.

Mdau Usagara: Mbona hukwenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki? Wimbo usiposajiliwa huna haki, tuambiane ukweli.

Mpiga Kinanda: Usimpotoshe mwenzio. Sheria ya Hakimiliki ni ya 1999, na haki inaanza pale tu kazi inapotungwa. Kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi, hakukupi haki ambayo hukuwa nayo.

Mdau Usagara: Na huo ushahidi kama hana ataenda kusema nini? Tusibishane vitabu.

Mpiga Kinanda: Adhana si ushahidi? Meseji za kupangana siku ya kurekodi si ushahidi? We unamlaumu aliyeibiwa.

Kaka wa Raskazone: Acheni kugombana. Mjomba wangu alipiga gitaa enzi zile za bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, wakaenda Mombasa kurekodi santuri, akapewa hela ya mkupuo akanunua baiskeli, basi. Santuri imeuzwa miaka, baiskeli ilishaoza.

Mpiga Kinanda: Hata wakubwa yamewakuta. Lebo ya Stax ya kule Memphis, Marekani, nyumba ya soul yenyewe, walisaini mkataba na lebo kubwa ya Atlantic 1965 mwenye lebo hakuusoma vizuri, 1968 wanataka kuachana ndo wanaambiwa masta, yaani rekodi zenyewe za asili, zote zilizosambazwa na Atlantic si zao tena. Zikiwemo za mwimbaji wao Otis Redding, na alikuwa kashafariki Desemba 1967. Kwahiyo ukiletewa karatasi tafuta neno masta kwanza, hela baadaye.

Sauti ya Makorora: Mimi siku hizi nalipa nusu, nusu nyingine nikishakabidhiwa vokali zangu kwenye flashi, siku hiyohiyo, kabla sijavaa viatu.

Mama Pangani: Lipa yote mwanangu, fundi akikudai nguo yako inakuwa ya mwisho.

Mdau Usagara: Olewa na prodyuza yaishe.

Binti Chumbageni: Mdau, kwa hili sitaki utani.

Mdau Usagara: Nisamehe dada. Kweli nimekosea, hata lile la mwanzo.

Binti Chumbageni: Yamepita. Nilichotaka kusema ni kwamba ule wimbo nilimtungia marehemu mama, ndo maana umeniuma kuliko hela. Jumapili naurudia, kwa kaka mmoja hapa Chumbageni, karatasi tumeshaandikiana mimi nna mashairi na sauti, yeye ana mdundo. Autotune hamna. Nahitaji wawili wa kuitikia.

Sauti ya Makorora: Mi mmoja. Saa ngapi?

Binti Chumbageni: Saa kumi na nusu, alasiri ishaswaliwa. Tumalize kabla ya magharibi.

Mama Pangani: Nakuja na chai.