Mgeni kalala wikendi nzima kwenye chumba ninachokodisha, kaondoka, karudishiwa pesa zote. Sisi wapya tunaokodishia wageni nani anatulinda?

Nimekasirika na leo sitaandika kwa upole. Asiyetaka kelele apite.

Nina chumba cha juu kwenye nyumba yangu Buruburu, Nairobi. Watoto wameshaoa na kuolewa, chumba kimekaa bure, nikakiweka kwenye mojawapo ya hizi programu za kukodishia wageni wa siku mbili tatu. Jina silitaji, mnazijua. Ijumaa akaingia kijana kutoka Mombasa, shikamoo nyingi, mama huku mama kule. Jumamosi akaleta marafiki ambao hakuwalipia, wakafua nguo. Nguo, jamani, hadi majinzi! Jumapili asubuhi tangi likawa kavu. Akapiga picha ya mfereji usiotoa tone, hakuniambia neno, akanywa chai yangu na mahamri, akashukuru, akaenda zake. Jumatatu napata ujumbe kutoka kwa wenye programu kwamba mgeni ameripoti hakukuwa na maji, amerudishiwa pesa zote, na kiasi hicho kitakatwa kwenye malipo yangu yajayo.

Kwenye maelezo ya chumba nimeandika, mstari wa pili, si huko chini kabisa: maji ya mfereji huja kwa mgao, siku nyingine tunatumia tangi, tafadhali yatumieni kwa kiasi. Alisoma akabonyeza kukubali. Nikawatumia hayo. Nikawatumia ratiba ya mgao. Nikawatumia risiti ya boza la maji niliyoagiza Jumapili hiyohiyo. Wakanijibu kwamba wanaelewa jinsi ninavyohisi, halafu wakauliza kama nina barua ya kampuni ya maji inayothibitisha kuwa mtaa wetu ulikosa maji tarehe hiyo.

Barua! Nani Nairobi hii amewahi kuandikiwa barua kwamba mfereji umekauka? Sehemu kubwa ya maji ya mji huu inatoka Ndakaini, kule Murang'a, na hata bwawa likijaa hadi likafurika, yanayofika mjini hayatutoshi. Ndiyo maana mgao unaendelea mvua inyeshe isinyeshe. Mtoto yeyote wa Eastlands, upande wetu huu wa mji, aliyewahi kubeba mtungi anajua hilo. Anayeamua kesi yangu hajui, na pesa yangu iko mkononi mwake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mgeni akilalamika, pesa inarudishwa kwanza, maswali baadaye, kama yapo. Mimi nikilalamika ninaombwa ushahidi ambao haupo duniani. Mwenye studio kumi Kilimani ataimeza hasara hiyo aendelee na maisha. Mimi chumba ni kimoja, tena maoni ya wageni bado ni machache, kwa hiyo nyota mbovu moja inanizika mahali ambapo hakuna atakayenitafuta. Na wageni wameshalijua hilo. Kuna anayekwambia hata kabla hajavua viatu: mama, nipunguzie usiku mmoja, nami nitakuandikia vizuri. Huo ni utapeli tu, hata kama unasemwa kwa tabasamu.

Halafu kitambulisho. Januari 2024 wasichana wawili waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi, mmoja South B, mwingine Roysambu, na tangu hapo serikali imekazania nyumba hizi zisajiliwe na wageni wajulikane. Naunga mkono mia kwa mia. Mimi simwachii mgeni funguo nikaenda kulala kwangu, kwangu ni hapohapo, ukuta mmoja kati yetu. Basi nikamwomba mgeni mmoja kitambulisho mlangoni. Akanisomea sheria ya kulinda data ya 2019. Sawa, sheria ipo, na kopi ya kitambulisho chake ningeitunza chini ya kufuli. Akaniachia nyota mbili na maneno haya: mama mwenye nyumba anahoji watu kama askari. Nikaomba yaondolewe, nikaambiwa hayavunji sera yao. Kwa hiyo nimfungulie saa tisa usiku mtu anayetoka uwanja wa ndege, ambaye picha yake kwenye programu ni mbwa, nisimuulize hata jina la baba yake?

Geti letu hufungwa saa nne usiku. Kila mgeni wa usiku, soja anataka ya chai. Na mwenyekiti wa wakaazi ananiuliza kwenye kikundi cha WhatsApp, watu wote wakisoma, hao vijana wanaoingia kwangu kila wikendi ni akina nani. Mimi, mjane, nina wajukuu. Mnaelewa anachotaka kusema.

Pesa zenyewe sasa. Niliweka bei ya dola 15 kwa usiku wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, mwanzoni mwa 2024. Hiyo ilikuwa kama 2,400. Katikati ya mwaka huohuo dola ikashuka hadi karibu 129, na usiku uleule ukawa 1,935 bila mimi kugusa kitu. Shilingi kupata nguvu ni jambo jema, silii na hilo. Ninacholia ni kwamba boza halikushuka bei. Toa mkato wa programu, toa mkato wa benki, toa ile punguzo wanayokusukumia kuwapa wageni wako wa kwanza "ili uonekane". Leseni nazo zinangoja zamu yao.

Stima ndiyo inaniua kimyakimya. Bei ya nyumbani ina ngazi: hadi uniti 30 kwa mwezi, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100, na wanaangalia wastani wa miezi 3. Mimi peke yangu sikuwa napita ngazi ya katikati. Ukija msimu wa baridi, Julai, mgeni wa pwani anaoga maji moto mara tatu kwa siku na hita ameibeba kwenye begi. Ameshaondoka zamani, anakula samaki wake kwao, mimi bado nanunua tokeni kwa bei ya ngazi ya juu kwa sababu yake. Kwenye fomu ya madai ya uharibifu hakuna mahali pa kuandika hilo. Kuna glasi iliyovunjika, kuna shuka lenye doa, basi.

Jirani yangu chumba chake kina mwanafunzi anayelipa kila mwezi. Kodi ya serikali kwenye pesa ya pango ni asilimia 7.5, anaijua, anailipa, analala. Nimeanza kumwonea wivu, na sikuwahi kumwonea wivu huyo mama kwa lolote.

Nina swali moja. Aliyewahi kukatwa pesa namna hii kwa ajili ya maji au stima, kisha zikarudishwa, alipitia wapi? Nataka hatua, tena kwa mpangilio: ulimwandikia nani, ulipeleka ushahidi gani, ilichukua muda gani. Kama kuna aliyefika mahakama ya madai madogo, huyo ndiye ninayemtafuta hasa, kwa sababu nimeambiwa naweza kwenda bila wakili ila sijui nimshtaki nani kati ya mgeni na programu yenye ofisi ng'ambo.

Na nyinyi wa "mama, nina kozi ya kukufundisha kupata laki kwa mwezi na chumba kimoja", msiniingilie kwenye ujumbe wa faragha. Nitawaanika hapahapa.