Walibomoa daraja la reli ya zamani, wakalaza bomba moja. Sasa njia ya baiskeli imekuwa bwawa mlangoni kwetu

Wakuu, uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimejizuia wiki nzima nisiandike nikiwa na hasira, na hasira haijapungua.

Nyuma ya nyumba zetu ilipita reli iliyokufa siku nyingi. Vyuma viling'olewa, mataruma yakaondolewa, likabaki tuta. Lilipokuja wazo la kuligeuza kuwa njia ya kutembea na kuendesha baiskeli nilikuwa wa kwanza kulishangilia, na nalisema hili mapema ili asije mtu akanijibu kwamba napinga maendeleo. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo tuta la reli hupanda taratibu mno, mara nyingi mita 1 au 2 tu kwa kila mita 100. Mtoto anapita, mzee anapita, mwenye kiti cha magurudumu anapita. Ila ndiyo sababu hiyohiyo reli nyingi za zamani zilifuata mabonde ya mito, na bonde la mto lina mwenyewe. Ukitaka kujenga hapo, jambo la kwanza ni kuuliza maji huwa yanapita wapi. Wetu hawakuuliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Katikati ya bonde letu tuta lilikatika, na pengo lile lilivukwa na daraja la mbao lenye nguzo nyingi. Kiangazi chini yake hapakuwa na maji hata tone, ni nyasi tupu, na mgeni angeweza kudhani ni daraja lisilo na kazi. Waliojenga reli walijua walichokuwa wanafanya. Mto ukijaa unatoka kwenye kingo zake na kutafuta njia ya pili, na njia ya pili ilikuwa pale. Pengo lilikuwa na upana wa kama mita 20 na kimo cha mita 2, yaani mita za mraba 40 za kupitishia maji. Mradi ulipofika, mbao zilikutwa zimeoza, ikasemwa kulikarabati ni gharama. Daraja likabomolewa, kifusi kikamwagwa, kikashindiliwa, na chini yake likalazwa bomba moja la zege lenye kipenyo cha sentimita 90. Pigeni hesabu wenyewe: tundu la bomba hilo ni mita ya mraba 0.64. Tulikuwa na 40. Wametuachia sehemu moja kati ya sitini na kitu.

Niliuliza kwenye mkutano, mbele ya watu. Nikajibiwa kwamba bomba limepimwa kwa mvua inayotarajiwa mara moja kila miaka 5, na kwamba inatosha kwa sababu "hii ni njia ya baiskeli tu". Neno hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo. Kwanza, mvua ya miaka 5 haina maana ya kwamba ikishanyesha unapumzika miaka 5. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 20 wa kuipata, na ukiishi hapo miaka 10, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja unakaribia asilimia 90. Pili, hesabu ile ilikuwa ya usalama wa njia. Hakuna aliyepiga hesabu ya watu walio upande wa juu wa tuta. Maji yaliyozuiwa hayapotei, yanarudi nyuma na kupanda.

Na yalipanda. Miaka yote, mto ukijaa, maji yalifika ukingoni mwa bustani yangu na asubuhi yalishaondoka. Safari hii bomba liliziba usiku wa kwanza, matawi na takataka zikajipanga mdomoni kama kizibo. Maji yakaingia ndani mpaka usawa wa magoti, yakakaa siku mbili. Jirani yangu, mama mtu mzima, tulimtoa kwa kumbeba mgongoni. Kisha maji yakavuka juu ya tuta. Tuta la udongo likipitiwa juu halidumu: maji huanza kula mteremko wa upande wa pili, yakirudi nyuma kidogo kidogo hadi kimo chote kinaporomoka. Ndivyo ilivyokuwa. Wenzetu wa upande wa chini, ambao walikuwa wakavu usiku kucha, walipokea maji na tope kwa mkupuo mmoja alfajiri. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo. Mradi siushukuru.

Changarawe laini waliyomwaga juu ya njia sitaiongelea sana, yote ilisombwa. Vizuizi vya wavu kwenye kidaraja kingine navyo vilikusanya matawi mpaka vikapinda. Hayo ni ya fedha.

Kilichonifanya nifungue uzi ni cha Jumanne iliyopita. Mitambo imerudi. Nikakimbia nikidhani wamekuja kufungua njia ya maji. Wamerudisha kifusi palepale, kimo kilekile, na bomba lilelile walilolifukua kwenye tope. Nimemuuliza msimamizi, akasema ameagizwa "kurudisha kama ilivyokuwa". Kama ilivyokuwa lini, mkuu? Maana kabla yenu palikuwa na daraja!

Na msiniambie kwamba mafuriko hayakutarajiwa. Katy Trail ya Missouri, Marekani, nayo ni njia ya baiskeli juu ya reli ya zamani, zaidi ya kilomita 380, sehemu yake kubwa imefuata mto, na mafuriko ya 1993 yaliiharibu vibaya wakati bado ni changa. Kule Australia, njia ya Northern Rivers, ya aina hiyohiyo, ilikutwa na mafuriko makubwa ya mwanzoni mwa 2022 ikiwa bado inajengwa. Kipande cha kwanza, kilomita 24 kuanzia Murwillumbah, kilifunguliwa Machi 2023. Anayechora njia ya bondeni leo hawezi kudai hajui.

Kama fedha za daraja hazipo, lisiwepo daraja. Shusheni tuta! Pale penye pengo la zamani lirudi usawa wa ardhi kwa mita zile 20, mmwage zege, mto ukijaa upite juu yake. Kushuka mita 2 kwa mteremko wa mita 1 kwa kila 20 kunahitaji mita 40 tu kila upande, na kiti cha magurudumu kinaweza. Wekeni nguzo ya kupimia kina na geti la kufunga wakati wa mvua, kwa sababu hata sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima. Njia ifungwe siku tatu kwa mwaka, sisi tulale.

Wahandisi wa maji mliomo humu, naomba mmoja wenu anisaidie kuandika hoja hii kwa lugha yenu, maana barua zangu mbili zimejibiwa kwa sentensi moja moja. Alama ya maji ukutani kwangu sijaifuta, na wenzangu saba nao nimewaomba wasifute. Nimepita leo jioni kuliangalia bomba: kifusi juu yake kimeshashindiliwa, na ndani tope limefika nusu.