Tupeane uzoefu: baiskeli yako ilikutesa wapi mpaka ulipoirekebisha?

Kisigino Chini

Wakuu, habari za Jumapili. Nimerudi sasa hivi kutoka Bunju, naanzia Mwenge, kama kilomita 40 kwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nimepanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Nikaona furaha hii nisiile peke yangu.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, imetoka Japani. Niliinunua baada ya daktari kuniambia presha inapanda na kitambi kinaiongoza. Wiki ya kwanza raha mustarehe. Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, hapa chini ya pia ya goti. Nikachua kwa mafuta ya karafuu, nikameza dawa, nikapumzika siku kumi, nikarudi barabarani, likauma tena. Mke wangu akasema, "Baba Neema, umri huo." Nikaanza kutafuta mteja.

Aliyeniokoa ni kijana muuza maji pale taa za Lugalo. Akaniangalia nikiwa nimesimama, miguu yote miwili imekanyaga lami bapa huku bado nimekaa kwenye siti, akasema: "Mzee, shikamoo. Hiyo siti umeiweka ya kukalia au ya kuendeshea?"

Kumbe nilikuwa nimeishusha kwa uoga, nisianguke kwenye foleni. Nilipofika nyumbani nikaegemea ukuta, nikaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu ulitakiwa unyooke. Wangu ulikunjika kama nimekaa kwenye kigoda! Nimepandisha sentimita moja kila nikitoka, sasa nimefika sita. Kisigino kinagusa pedeli mguu ukiwa umenyooka, na nikikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti linabaki na mkunjo mdogo. Goti limenyamaza.

Kwenye taa ndiyo ilibidi nijifunze upya: unaposimama unatoka kwenye siti, unashuka mbele yake, mguu mmoja chini. Siku mbili za aibu, basi.

Haya, wewe ilikutesa wapi?

Fundi wa Tabora

Mkuu umenifurahisha. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na wateja wenye siti ya chini ni wengi kuliko wenye pancha. Ukiwaambia wanakujibu, "Fundi wewe kaza nati tu."

Nyongeza mbili. Kwanza, kabla hujagusa kitu, zungushia bomba la siti kipande cha solotepu pale lilipoingilia kwenye fremu. Ukikosea unajua pa kurudi. Pili, kwenye bomba hilo kuna mistari imechongwa, na mingine ina maandishi. Mstari huo ukionekana nje, umepandisha kupita kiasi. Nililetewa fremu moja imepasuka hapo juu kama muwa, kwa sababu jamaa mrefu alibakiza bomba la vidole viwili tu ndani. Hiyo fremu ilikuwa ndogo kwake. Angenunua bomba refu, au auze.

Na mkilichomoa, lifuteni mlipake grisi kidogo. Kuna mabomba nimeyakuta yameganda na kutu mpaka nimelaza baiskeli siku tatu ikinywa mafuta.

Wanaopenda hesabu: vua viatu, simama ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja kama vile umekalia siti, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 anapata 70 na nusu hivi, kutoka katikati ya ekseli ya kwenye fremu, ile inayozungusha mikono ya pedeli, hadi juu ya siti. Hapo ni pa kuanzia tu. Soli nene inabadilisha, urefu wa mkono wa pedeli unabadilisha.

Mama wa Machame

Shikamooni kaka zangu. Mimi goti halijawahi kuniuma, mimi niliumia pa kukalia. Nitasema wazi kwa sababu wanawake wengi wanaacha baiskeli hapo na hawasemi.

Nilinunua kile kifuniko cha siti chenye jeli, laini kama mto. Nusu saa ya kwanza unasema Mungu akubariki. Saa ya pili ni moto. Kitu laini sana kinazama, mifupa inashuka, nyama za katikati ndizo zinazobeba mzigo.

Dada mmoja tunayeendesha naye akanifundisha hivi: chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, weka kwenye ngazi ngumu, kalia, inama mbele kidogo kama umeshika usukani, vuta visigino juu kidogo ili uzito ushuke. Ukiinuka utaona vishimo viwili. Pima katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Mimi nilipata sentimita 14. Siti niliyokuwa nayo ilikuwa na upana wa 13 na nusu! Yaani mifupa yangu ilikuwa inaning'inia kando muda wote.

Nikaenda kwa fundi na boksi langu. Fundi akalitazama, akanitazama, halafu akamgeukia mume wangu: "Sasa mama anataka siti ya namna gani?" Mume wangu akamjibu, "Muulize mwenyewe, makalio ni yake." Nilicheka mpaka nikasahau kupatana bei. Nikapata siti ya mtumba ya sentimita 16 na nusu, ngumu tu, ina mfereji katikati.

Halafu pua ya siti ilikuwa inaangalia juu. Mume wangu ni mwashi, akaweka pima maji juu ya siti, povu likakimbilia mbele. Tukalegeza bolti ya chini, tukalaza mpaka povu likatulia katikati. Sasa naenda Moshi mjini na kurudi, na kile kilima cha kurudi nakilaani kama kawaida, lakini nakilaani nimekaa vizuri.

Mtu wa Karura

Hii ya pua ya siti ndiyo ilinimaliza mimi, lakini kwa upande mwingine. Niko Nairobi, wikendi napenda njia za msituni Karura. Nilisikia mtu akisema ukiinamisha siti mbele unapata nafuu. Nikainamisha. Nafuu nikapata, lakini mwili ukawa unateleza mbele, mikono ndiyo inazuia. Mwezi wa pili kidole cha mwisho na cha pete vikaanza kufa ganzi. Ilifika mahali nashindwa kufunga vifungo vya shati Jumatatu asubuhi.

Nikaenda hospitali moja, nikaulizwa kuhusu sukari, shingo, kazi ya kompyuta. Hakuna aliyeuliza kuhusu baiskeli, na mimi sikusema, kwa nini niseme? Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho, na ukiulalia saa tatu kila Jumamosi unalalamika.

Nilichofanya: siti nikailaza sawa. Ganzi ikapungua nusu. Kisha shingo ya usukani nikaigeuza juu chini, kwa sababu nyingi za siku hizi zina mwinamo na unaweza kuzigeuza. Usukani ukapanda karibu sentimita tatu bila kununua chochote, kazi ya spana moja ya pembe sita. Ila jamani, ukikaza usukani hakikisha umenyooka na gurudumu, na ujaribu breki hapo hapo uani. Mimi nilitoka getini usukani ukabaki unaangalia mashariki na gurudumu linaelekea kusini. Soja alipiga makofi.

Mjukuu wa Ng'wana

Mnajisumbua. Babu yangu huku Shinyanga aliendesha Phoenix ya gurudumu la inchi 28 miaka thelathini. Gunia la mpunga nyuma, bibi juu ya gunia, kuku kwenye usukani. Hakuna aliyempima mapaja kwa kitabu. Miili ya mjini imelegea, semeni hivyo.

Fundi wa Tabora

Mjukuu, hizo Phoenix nazitengeneza mpaka leo, nitakujibu kwa heshima. Usukani wake umerudi nyuma kumfuata mwendeshaji, siti ni pana ina springi, unakaa mgongo wima. Aliyeichora alishafikiria mtu wa kukaa juu yake siku nzima. Na mlimani babu yako alikuwa anashuka anasukuma, sivyo? Hizi za milimani na za mbio zinakuinamisha mbele, ndiyo maana sentimita mbili zinaonekana.

Nikuulize kitu. Siti ya babu ilikuwa vile vile ilivyotoka dukani?

Mjukuu wa Ng'wana

Nimempigia mama simu kuuliza. Anasema mzee alikuwa ameizungushia siti mpira wa ndani wa tairi, ameukata vipande vipande, na kila msimu wa mavuno anaongeza kipande kimoja. Na usukani alimpelekea mhunzi akaupasha moto akaupinda, kwa sababu mabega yalikuwa yanamuuma.

Sawa. Naendelea kusoma uzi.

Kisigino Chini

😂😂 Mzee alikuwa anafanya marekebisho na mhunzi wake! Mjukuu, mama apewe maua yake.

Mbongo Ghent

Niko Ubelgiji, huku baiskeli ni dini. Wazee wa hapa wakimtaja Eddy Merckx wanavua kofia. Alishinda Tour de France mara tano, na baada ya kuanguka vibaya kwenye uwanja wa Blois mwaka 1969 mgongo haukurudi kama zamani. Akawa mtu wa kubadilisha siti kila mara, hata katikati ya mashindano, spana mkononi. Kwa hiyo ukikamatwa na mkeo saa nne usiku unapandisha siti milimita tatu, mtaje Merckx.

Mimi kosa langu lilikuwa kinyume cha mleta uzi. Nilisoma kwamba siti ya juu inaongeza nguvu, nikapandisha mpaka nikafurahi. Maumivu yakaja nyuma ya goti, na ule mshipa mnene wa juu ya kisigino. Rafiki aliyekuwa nyuma yangu akanirekodi kwa simu. Aisee, kiuno kilikuwa kinacheza kushoto kulia kama niko kwenye taarabu. Nikashusha sentimita moja na nusu, kiuno kikatulia. Nikitaka kumsaidia mtu sasa hivi sipimi kitu kwanza. Namwambia pita mbele yangu, namwangalia kiuno.

Mama wa Machame

Hiyo ya kuangalia watu viuno usije ukaileta Moshi bila maelezo.

Mfupi wa Kisumu

Naombeni msaada. Nina sentimita 152. Nilipewa baiskeli na shemeji yangu, nzuri, nyepesi, gia zinaingia kama siagi. Siti nimeshusha mpaka mwisho, nimeisogeza mbele mpaka mwisho, shingo ya usukani nimeweka fupi kabisa. Bado naufikia usukani kama naokota kitu kisimani, na nikisimama bomba la juu linanigusa pabaya. Nibadilishe nini kingine?

Fundi wa Tabora

Shemeji.

Hapana, natania dada. Kama umesimama chini miguu bapa na bomba linakugusa, hiyo fremu siyo yako, hakuna spana ya kuifupisha. Usiitoboe wala usiikate. Ukitaka kununua nyingine, usiangalie rangi, vuka juu yake kwanza. Uwe na vidole vitatu vinne vya nafasi. Na usiilazimishe siti kwenda mbele ili kuufikia usukani. Siti inafuata goti, usukani ndio unafuata mikono. Ukiisogeza mbele sana utarudi hapa na kilio cha mleta uzi.

Mfupi wa Kisumu

Asante fundi. Sasa namrudishiaje shemeji bila vita?

Mjukuu wa Ng'wana

Mwambie imekushinda mbio. Mwanaume atafurahi.

Kisigino Chini

Wakuu, narudi na mrejesho. Leo asubuhi nimetoka saa kumi na mbili, nafika Makongo naona goti linaanza. Nikashtuka, nikasema imekuwaje tena. Nikasimama, nikakagua. Solotepu niliyozungusha kama fundi alivyosema haipo ilipokuwa, yaani siti imeshushwa sentimita nne na tepu imechunika nusu.

Nimepiga simu nyumbani. Ni Neema. Jana jioni alienda nayo dukani kununua sukari.