Mjadala: Vibali vya ujenzi mji wa kale wa Lamu vipimwe kwa sarufi ya maumbo?

Rula45
Masharti ya miji ya kale huwa hayakosi maneno kama "jengo liendane na mazingira", na kila afisa huyasoma kivyake. Lamu imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo kosa la kibali huko si dogo. Napendekeza masharti yaandikwe kama sarufi ya maumbo, njia iliyoanzishwa na George Stiny na James Gips mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unaanza na umbo moja, kisha unafuata kanuni za aina hii: ukiliona umbo A kwenye mchoro, hata likiwa limezungushwa au kupinduliwa, liondoe uweke B. Mwaka 1978 Stiny na William Mitchell waliandika sarufi ya nyumba za Palladio, mbunifu wa Italia wa karne ya 16, kwa hatua nane, kuanzia gridi, kuta za nje na vyumba hadi milango na madirisha, na ikatoa ramani ya Villa Malcontenta, mojawapo ya nyumba zake.

Nyumba ya mawe ya Lamu ni kama imeshajiandika. Umbo la kuanzia ni kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), pamoja na mshale wa kaskazini, yaani upande wa kibla. Kanuni ya 1: unga daka (baraza ya mlangoni) na tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) kwa kona, ili mpita njia asione ndani. Ya 2: sambamba na kiwanda weka msana wa tini, yaani chumba kirefu chembamba cha kwanza. Ya 3: nyuma yake msana wa yuu, yaani wa pili. Ya 4: nyuma ya huo, chumba kiitwacho ndani. Maombi yakikataliwa, barua itaje kanuni iliyovunjwa.

Chokaa_na_Boriti
Ndugu Rula, umeruka swali gumu: hiyo misana ina upana gani, na kwa nini? Upana umewekwa na boriti ya mkoko, ambayo kutoka ukuta hadi ukuta haivuki mita 3 kwa usalama, na mara nyingi haizifiki. Chukua mita 2.7. Misana miwili na ndani ni mita 8.1, ongeza kuta nne za matumbawe na chokaa za nusu mita kila moja: mita 10.1 bila kiwanda. Sasa mwombaji analeta zege. Vyumba vyake vitatu vina upana wa mita 4.5 kila kimoja, kuta za matofali sentimita 20, jumla mita 14.3. Mpangilio ni ule ule, kanuni zako zote nne zimepita, na nyumba si ya Lamu hata kidogo.

Rula45
Hilo linatibika. Andika uwiano: urefu wa chumba uwe angalau mara tatu ya upana.

Chokaa_na_Boriti
Basi umemfukuza kabisa. Chumba cha mita 4.5 kitataka urefu wa mita 13.5, na kiwanja cha namna hiyo utakipata wapi mle ndani? Au atapunguza upana hadi 2.7 chini ya zege linaloweza kuvuka 4.5, na mwaka wa pili atavunja ukuta wa katikati kwa sababu haubebi kitu. Namba bila sababu yake haikai. Kanuni iseme: upana haupiti uwezo wa boriti, na paa ni la boriti. Hapo unasimamia ujenzi, na umbo linafuata lenyewe.

Nodi_na_Waya
Niingie upande wa kompyuta, maana naona watu wanadhani programu itakagua michoro yenyewe. CityEngine, programu ya kuunda miji kwenye kompyuta, ina lugha ya kanuni iitwayo CGA: inachukua kiwanja, inakiinua, inakikata kwa mlalo na kwa wima, na kila kipande inakipa jina. Kanuni inayofuata inatafuta jina. Ukichora miraba miwili inayopishana, jicho lako linaona mraba wa tatu pale katikati. Programu ya majina haiuoni, kwa kuwa hakuna aliyeupa jina. Kuona umbo ambalo halikutajwa ndiyo roho ya sarufi ya Stiny, na ndilo jambo gumu kuliko yote kuliwekea programu.

Mfano wa karibu. Ukuta wa msana una mita 9, lakini mchoraji kauchora vipande viwili, cha mita 3 na cha mita 6, kwa sababu alisimama penye mlango. Kanuni inatafuta mstari wa mita 9 na haiupati. Dawa ni kuunganisha kwanza vipande vyote vilivyo kwenye mstari mmoja na vinavyogusana viwe mstari mkuu mmoja, ndipo utafute. Halafu pima nyumba yenyewe: kona ya nyuzi 87, ukuta uliovimba. Ukitaka kona ya nyuzi 90 kamili, nyumba ya kale kabisa mtaani itafeli mtihani wa kuwa ya kale. Lazima pembe na urefu viwe vigezo vyenye mipaka, na kila kigezo unachoongeza kinazidisha kazi ya utafutaji.

Paa_la_Makuti
Mimi nauliza sampuli. Sarufi hutolewa kwenye majengo uliyoyachagua. Mkichagua nyumba za mawe tu, mwenye nyumba ya makuti ataonekana mvunja sheria katika mji wake mwenyewe.

Na wikio je? Chumba kinachovuka njia juu ya vichwa vya watu, nyumba moja huku, nyingine kule. Kila sarufi inayoanza ndani ya mpaka wa kiwanja itakikataa, au haitakiona. Wenzetu walioandika sarufi ya Medina, mji wa kale wa Marrakech, yaani José Pinto Duarte na wenzake, walianza na vichochoro vya mtaa, hawakuanza na nyumba.

Rula45
Kuhusu wikio nakubali, umbo la kuanzia liwe kipande cha mtaa. Lakini msiniambie kuwa sarufi haifai kwa makazi halisi. Duarte huyo huyo, kwenye tasnifu yake ya MIT ya 2001, aliandika sarufi ya nyumba za Malagueira kule Évora, Ureno, alizobuni Álvaro Siza kuanzia 1977.

Nodi_na_Waya
Malagueira ni viwanja vya mita 8 kwa 12, mbunifu mmoja, na alikuwa hai wa kuulizwa. Lamu utamuuliza nani?

Halafu Stiny na Mitchell waliipa sarufi kazi tatu: ieleze kinachofanana, iamue kama jengo jingine ni la jamii hiyo, na itoe majengo mapya. Kibali kinasimama kwenye ya pili. Kwa hiyo ijaribiwe hapo: andika sarufi kwa nyumba 12, ficha 4, kisha uone kama inazikubali. Ipe na michoro mibaya 4 uone kama inaikataa.

Chokaa_na_Boriti
Na katika hizo 4 za kufichwa, moja iwe nyumba iliyogawanywa na warithi: ukuta katikati ya kiwanda, mlango wa pili umetobolewa kwenye sabule (chumba cha wageni), choo kimoja kwa familia mbili. Nyumba ya namna hiyo kanuni ya 1 haiijui, na wenye nyumba kama hiyo nao wataleta maombi ya kibali. Nitangoja kuona Rula anaiandikia kanuni gani.