Ushauri: Niongeze mbao za mawimbi kwenye biashara ya boti Malindi?

Kijana wa Shela
Salamu kwenu wakubwa na wadogo. Mimi na ndugu yangu tuna boti yenye kioo chini, ambayo huwapeleka wageni katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Kuanzia masika hadi kusi kiishe, kazi hulala na boti hukaa mchangani. Chama chetu kiko tayari kutukopesha, nami nataka tununue mbao kumi za kuteleza juu ya mawimbi, kisha tuuze safari moja yenye yote mawili, asubuhi matumbawe na jioni mawimbi. Ndugu yangu hataki. Naomba ushauri kabla sijatia sahihi.

Nahodha Mstaafu
Mdogo wangu, mbao ni wazo zuri, ila usiziuze kwa tiketi moja na matumbawe. Kusi kinapovuma, hasa Julai na Agosti, mawimbi huingia moja kwa moja kwenye ghuba ya mjini, kwa kuwa upande huo hauna mwamba wa kuyavunja kama ule wa hifadhini. Matope ya mto Sabaki hayakuyapa matumbawe nafasi ya kuota. Lakini bahari inayompa mgeni mawimbi ndiyo itakayomtapisha botini, na chini ya kioo hataona kitu cha maana.

Kaskazi nacho kina hila zake. Wakati wa mvua za vuli, Novemba na Desemba, upepo huo huyasukuma maji ya Sabaki kuja kusini, na aliyelipa kuona samaki huonyeshwa chai ya maziwa. Miezi yako ya boti ni Januari hadi Machi. Hata hapo, fuata maji, usifuate ratiba ya hoteli: siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, matumbawe yakawa karibu mno na boti, basi uwe umekwisha kutoka juu yake kabla hayajafika mwisho.

Bi. Mahesabu
Wateja wa kusi wapo, maana Agosti ni likizo ya Waitaliano. Lakini mawimbi yetu ni ya kujifunzia, kwa hiyo mbao kumi za nini? Nunueni chache, laini, zilizokwisha tumika, na mwombe chama marejesho yaanze Septemba.

Kijana wa Shela
Ahsanteni. Ndugu yangu ni mwogeleaji hodari. Je, anaweza kuwafundisha wageni?

Nahodha Mstaafu
Kuogelea ni jambo moja, kumwokoa anayezama ni jingine. Apate kwanza mafunzo ya uokoaji, kila mwanafunzi afungwe kamba ya ubao mguuni, na wakae mbali na njia ya ngalawa, kwa sababu mvuvi anayerudi na tanga limejaa upepo hawezi kukatiza ghafla kwa ajili ya mtu aliyeanguka mbele yake.

Kijana wa Shela
Nimemsomea ndugu yangu haya yote. Amekubali mbao tatu, na sharti lake ni kwamba boti isiwekwe rehani.