Mteja aliyedumu miaka ishirini akiachwa na kampuni ya bima baada ya kimbunga: sheria imlinde au imwache?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja inayowagawa watu wa majimbo ya Louisiana na Florida, Marekani, kila msimu wa vimbunga ukikaribia, yaani Juni 1 hadi Novemba 30. Mtu amelipia bima ya nyumba kwenye kampuni moja miaka ishirini, hajawahi kudai hata senti. Kimbunga kinapita jimboni, kwake kinaangusha uzio tu. Miezi michache baadaye anapata barua: mkataba wako hautahuishwa. Ile miaka ishirini inamdai nani?

Louisiana ilikuwa na jibu la kisheria. Ukishatimiza miaka mitatu na kampuni, haikuruhusiwa kukuacha ila kwa sababu chache zilizoandikwa: hujalipa, umedanganya, hatari ya nyumba imebadilika, umedai mara mbili au zaidi ndani ya miaka mitatu (madai ya majanga ya asili hayakuhesabiwa), au kampuni yenyewe ingeyumba kama ingeendelea kukubeba. Mwaka 2024 Bunge la jimbo, kwa msukumo wa Kamishna wa Bima Tim Temple, liliiondoa kinga hiyo kwa mikataba mipya. Kwa wateja wa zamani, kampuni ikaruhusiwa kuwaacha hadi asilimia 5 yao kwa mwaka. Gavana Jeff Landry akatia saini.

Msimamo wangu: hawakutenda haki. Kampuni hizi hutumia fedha nyingi kukushawishi ubaki. Punguzo la kutodai, punguzo la kuunganisha gari na nyumba, kadi ya sikukuu. Mwaka mzima unaambiwa wewe ni wa kwetu, halafu siku hatari inapoonekana unakuwa mgeni. Kama wanataka nijifunge kwao, nao wafungwe kwangu. Karibuni.

Wakala Mstaafu

Mkuu, nimeuza bima pwani ya Ghuba ya Mexico muda mrefu, na barua hizo nimewasomea wateja kwa mdomo wangu. Inauma. Lakini hoja yako imesimama upande mmoja.

Kwanza, ada uliyolipa mwaka juzi haikuwekwa akiba kwa jina lako. Ilinunua mwaka mmoja wa kubebewa hatari, na mwaka huo ukaisha. Ungeunguliwa wangelipa; hukuunguliwa, fedha ikamlipa aliyeunguliwa. Miaka ishirini ya namna hiyo ni mikataba ishirini iliyotekelezwa, hakuna deni lililobaki.

Pili, upepo si kama moto wa jikoni. Moto unaunguza nyumba moja hapa, nyingine kule, na waliosalimika wanawalipia walioungua. Kimbunga kinapiga wilaya nzima usiku mmoja, na wote wanadai wiki ileile. Ndiyo maana kampuni za bima nazo hukata bima kwa kampuni kubwa za nje, hiyo bima mtawanyo, na mikataba mingi ya Florida huhuishwa Juni 1. Bei ikipanda huko, wakala wa mtaani hana la kufanya. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida Agosti 1992, kampuni zaidi ya kumi zilifilisika.

Sasa njoo kwenye kanuni ya miaka mitatu unayoililia. Kimbunga Laura kilipiga Louisiana Agosti 2020, kisha Delta, kisha Zeta, na Ida kikaja Agosti 2021. Kampuni zaidi ya kumi zilizokuwa na wateja jimboni zikafilisika. Zote zilikuwa zimekatazwa kuwaacha wateja. Ziliwaachaje? Kwa kufa. Na zile zilizobaki hai zilifanya hesabu rahisi: kila mteja mpya ninayempokea leo nitashindwa kumtoa baada ya miaka mitatu, basi nisimpokee. Kijana aliyenunua nyumba Houma au LaPlace, miji ya Louisiana, baada ya Ida alizunguka kwa mawakala mpaka akachoka, akaishia Louisiana Citizens, shirika la mwisho la jimbo, ambalo sheria wakati huo ililitaka litoze angalau asilimia 10 juu ya bei ya soko. Mwaka 2023 bei zake zilipanda kwa wastani wa asilimia 63. Huyo kijana ndiye aliyekuwa analipia kinga ya mzee wako wa miaka ishirini. Mbona yeye hatajwi kwenye mada?

Mama wa Pwani

Kaka Wakala, unaongea kama vile tunaingia dukani na kutoka. Mimi nina mkopo wa nyumba. Benki inanilazimisha niwe na bima. Nikikosa, inaninunulia yenyewe, bei ghali, inayolinda zaidi fedha zao kuliko vyombo vyangu. Kwa hiyo mwenzangu kwenye "mkataba wa mwaka mmoja" anaweza kuondoka, mimi siwezi. Huo si usawa.

Na msidhani kukaa miaka mingi ni mapenzi. Ukitaka kuhama unaulizwa paa lina umri gani, mabomba ni ya aina gani, analetwa mkaguzi, unapigwa picha hadi darini. Florida ilibidi itunge sheria mwaka 2022 kwamba kampuni isikukatae kwa sababu tu ya umri wa paa lisilofikisha miaka 15, maana walikuwa wanakataa mapaa mazima.

Nichekeshe kidogo. Huku Florida hata ukiamua kuwa mwaminifu kwa Citizens, shirika la umma, hairuhusiwi. Kampuni binafsi ikijitokeza kukuchukua, na bei yake isizidi ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, unapoteza haki ya kuhuisha. Unaweza kupelekwa kwenye kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Halafu tunaambiwa soko ni uhuru.

Mtu wa Hesabu

Nimesoma wote, naona mmoja anahurumia mteja wa zamani na mwingine mteja mpya, lakini hakuna aliyeuliza kampuni inamwonaje huyo wa zamani. Kwenye hesabu za bima, mtu asiyehama ni mtu asiyelinganisha bei. Uingereza walilichimba hili. Mamlaka ya udhibiti wa fedha, FCA, iligundua kwamba bima za nyumba na magari zilikuwa zinapandishwa kidogokidogo kila mwaka kwa wasiohama, huku wapya wakipewa bei tamu. Watu milioni 6 hivi walikuwa wanalipa zaidi ya inavyostahili, na kwa mwaka 2018 pekee wangeokoa pauni bilioni 1.2. Tangu Januari 1, 2022 ni marufuku kumtoza anayehuisha bei inayozidi ile ambayo angepewa kama mteja mpya.

Marekani nako majimbo yalishtuka. Maryland ilipiga marufuku mwaka 2014 kupanga bei kwa kukisia mteja atavumilia kiasi gani, na Florida ikatoa waraka wa aina hiyo mwaka 2015. Kwa hiyo, mkuu mleta mada, uaminifu unaouongelea ulikuwa na bei: mahali pasipo na vimbunga unakamuliwa, mahali penye vimbunga unaachwa. Sioni kwa nini tuulinde kisheria badala ya kuwaambia watu waache kuuamini.

Jambo la pili. Usimsifu sana mtu kwa "hajawahi kudai". Florida, kwa hasara ya kimbunga, mteja anabeba mwenyewe sehemu ya kwanza, na kwa kawaida ni asilimia ya thamani iliyokatiwa bima: 2, 5 au 10. Nyumba ya dola 400,000 kwa asilimia 5 ina maana dola 20,000 za kwanza ni zako. Uzio na vigae vichache haviwezi kufika huko. Hakudai kwa sababu mkataba haukumpa cha kudai.

Mama wa Pwani

Mtu wa Hesabu, hapo kwenye asilimia umenena. Lakini hilo linazidi kunipa haki. Nimelipa ada nzima na bado nikajibebea hasara zote ndogo. Kampuni imekaa miaka hiyo yote ikingoja tukio moja kubwa tu, na tukio likisogea inatoka mlangoni.

Fundi Paa

Mnabishana kuhusu mtu, mimi nitaongelea nyumba. Nimeezeka upya mitaa mizima baada ya vimbunga. Nyumba mbili za umri mmoja, moja imesimama, nyingine imefunguka kama kopo. Tofauti iko kwenye misumari yenye mikunjo shingoni, ukingo wa paa uliofungwa vizuri, na maungio ya mbao yaliyozibwa ili vigae vikiondoka maji yasiingie. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima wenyewe, IBHS, ina kiwango kinaitwa Fortified kinachodai mambo hayo hayo. Alabama iliweka sheria kwamba mwenye paa hilo lazima apunguziwe bei, na jimbo linatoa ruzuku hadi dola 10,000 kulijenga. Louisiana imeiga.

Florida baada ya Andrew ilipata kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima, ilianza kutumika 2002, na nyumba zilizojengwa kwa kanuni hiyo ukizitazama baada ya upepo mkali unaziona zilivyo tofauti. Sasa niambieni, kwa nini mtu wa miaka ishirini mwenye paa bovu apate kinga, na aliyehamia jana akatumia akiba yake kufunga paa asipate?

Mpitanjia

Na maji je? Naona wote mnaongea upepo. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hata uwe mteja tangu enzi za babu. Hiyo ni programu ya serikali kuu iliyoanzishwa 1968, inakomea dola 250,000 kwa jengo la makazi na 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida unangoja siku 30 ianze. Baada ya Kimbunga Katrina watu wa jimbo la Mississippi walienda mahakamani kubishana kama nyumba iliondolewa na upepo au wimbi, na wengi walikuwa wateja wa muda mrefu.

Wakala Mstaafu

Mpitanjia, ni kweli, na hilo lingehitaji mada yake. Wakala asiyemwambia mteja kuhusu mafuriko alipaswa kunyang'anywa leseni.

Fundi, naunga mkono hoja. Lakini paa la Fortified haliondoi tatizo la wilaya nzima kudai siku moja, linalipunguza. Na ruzuku zenyewe watu wanapanga foleni.

Mleta mada

Nimewasikia. Wakala, kijana wa Houma namkubali, ni kweli alibebeshwa mzigo. Ila wewe unafanya kama kwamba chaguo ni mawili tu: kinga ya maisha au hakuna kinga. Florida yenyewe inakupinga. Baada ya Andrew, mwaka 1993, jimbo lilizuia kwanza kampuni zisiwatupe wateja kwa mkupuo, kisha likaruhusu zipungue kidogokidogo kwa kiwango. Hadi leo kampuni ya Florida lazima itoe taarifa siku 120 kabla ya kutohuisha, na nyumba iliyoharibiwa na kimbunga haiwezi kuachwa mpaka zipite siku 90 baada ya kukarabatiwa. Soko la Florida lina matatizo yake, ila sijasikia mtu akisema siku hizo 90 ndizo zilizoliua. Kilicholitesa zaidi kilikuwa kesi: kwa mwaka 2019 jimbo lilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai ya nyumba nchini lakini zaidi ya asilimia 70 ya kesi, mpaka sheria ya Desemba 2022 ilipobadilisha utaratibu wa nani anamlipa wakili.

Kwa hiyo hoja yangu naiweka hivi. Mtu wa Hesabu anataka watu waache kuuamini uaminifu. Sawa, basi usiuzwe. Kampuni inayotangaza punguzo la kukaa muda mrefu iuze mkataba wa muda mrefu: miaka mitano, ada inayopanda kwa kanuni iliyoandikwa tangu mwanzo, na isiweze kutoka katikati labda mdhibiti athibitishe kwamba inaelekea kufilisika. Anayetaka mwaka mmoja auze mwaka mmoja, na tangazo lake liseme hivyo. Fundi, paa lako liingie kwenye kanuni ya bei humo humo.

Wakala Mstaafu

Miaka mitano wakati bima mtawanyo inanunuliwa upya kila Juni? Kampuni itajaza woga wa miaka yote mitano kwenye bei ya mwaka wa kwanza. Utaona namba utadhani wamekosea kuchapa.

Mama wa Pwani

Waiweke hiyo namba mezani. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha. Nikiona ni kubwa mno nitajua thamani halisi ya kutoachwa, na nitaamua mwenyewe kama nauza nyumba au nabaki. Ninachopewa sasa ni namba ndogo ya mwaka huu na barua isiyojulikana itakuja lini.

Fundi Paa

Mama, ukiuza, mkataba wa miaka mitano unahamia kwa mnunuzi au unakufa nawe? Maana paa nililokufungia linabaki pale pale. Hapo ndipo mimi bado nawapinga wote wawili.