Habari za Sele – grupu la ukoo

Shangazi Mwajuma: Jamani mgonjwa kaamkaje? Wifi tangu jana hupokei simu

Mama Sele: Homa imegoma wifi na antibayotiki zote zile. Leo wamesema damu waliyootesha maabara kutafuta vijidudu imeota fangasi, wamemtoa ule mpira wa kifuani wa kupitishia dawa na wameanza dawa ingine

Juma: Fangasi?? Shemeji mbona dogo hiyo, vidonge vya fangasi vya flukonazo vimejaa duka la dawa hapa, jioni naleta

Asha: Shikamoo wakubwa. Ba'mdogo usilete tafadhali, hii sio ya miguuni. Ni kandida, huwa inakaa tumboni kwa watu wengi tu haina neno, sasa Sele kemo ya saratani yake ya damu imemmaliza chembe nyeupe za kinga na kuchubua utumbo, inapenya mpaka kwenye damu au inapitia kwenye mpira. Na kuna kandida nyingine kama krusei flukonazo haiigusi kabisa

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Ila wiki jana si walipima wakasema damu safi? Mtoto kateseka bure!

Asha: Shangazi hata mi inaniuma, lakini kuotesha damu kunakosa karibu nusu ya wagonjwa wa hivi, na ikiota inachukua siku kadhaa. Ndo maana mgonjwa wa saratani ya damu homa ikimkaa siku 4 hadi 7 juu ya antibayotiki na chembe ziko chini, madaktari wengi wanaanza dawa ya fangasi bila kusubiri majibu. Ma'mdogo wamempa ipi?

Mama Sele: Amfoterisini. Alitetemeka mpaka kitanda kinacheza, nimelia mie

Asha: Pole sana mama. Kutetemeka kunatokana na dawa, mwambie nesi mapema kuna vitu wanampa kabla ya dripu. Inaumiza figo na kushusha potasiamu, wakija kumtoa damu kila mara msiwakatalie. Muulize daktari na kaspofunjini, dawa nyingine ya fangasi, miongozo mingi inaianza hiyo, kama ipo na bima inalipa. Na homa ikishuka msiombe ruhusa, zile siku 14 za dawa zinahesabiwa toka damu ya kuotesha itoke safi, sio toka dripu ya kwanza

Juma: Nimekuelewa mwanangu. Shemeji mi nifanye nini sasa?

Mama Sele: Plateleti, chembe za kugandisha damu, zimeshuka, wanataka watu wa kutoa damu kesho asubuhi

Juma: Nakuja na vijana wa kijiweni

Asha: Mnywe chai kabisa kabla hamjatoka. Na mikono mnawe mkifika wodini